Waliponizika kwa Wimbo Wangu

Wewe uliyeletewa karatasi hizi huenda umeshaota vipele, au mwanao ana homa na majirani wameanza kukupita mbali. Sitakueleza ndui ni nini wala inatoka wapi. Wapo wenye miwani wa kukwambia hayo. Nitakueleza yaliyonipata mimi, ili ujue la kufanya, na hasa la kutofanya. Nimepona. Uso wangu umechimbika, sauti yangu imekwaruza, na jina langu ni Hawa binti Feruzi. Nalitaja mapema kwa sababu jina hilo lilishasomewa dua ya maiti, nami niko hai ninasikiliza.

Mtaa wetu uko chini ya boma la Wajerumani, hapa Arusha. Baba yangu alipanda huku na misafara kutoka pwani, akaoa, akatulia, akanifundisha kusoma na kuandika kabla hajafa. Mume wangu, Songoro, alikuwa mnyapara wa wapagazi. Mwezi yuko nyumbani, mwezi yuko Kondoa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuimba. Nilikuwa kiongozi wa ngoma ya wanawake wa mtaa, na niseme bila haya, hakukuwa na wa kunigusa. Nyuma yangu alisimama Tatu, mwitikiaji wangu. Tumekua pamoja, tumevaliana nguo, tumefichiana siri. Nikianza mstari, yeye anaumaliza kabla sijavuta pumzi.

Katika ngoma yetu kuna ada moja. Kiongozi ndiye mwenye tari, na tari yake haishikwi na mwingine maadamu yu hai. Akiugua, ngoma inangoja. Akisafiri, inangoja. Akifa, inasomwa khitma, kisha tari inakabidhiwa mwitikiaji. Niliiona ada nzuri sana, maana ilikuwa inanilinda mimi.

Masika yalipokuwa yanaisha, boma likapiga mbiu kwamba ndui imefika na kila mtu akachanjwe. Tulikwenda, mimi na Tatu. Tulikaa barazani tangu asubuhi, mstari umezunguka nyumba, watoto wanalia kabla hata hawajaguswa. Mchanjaji alikuwa na kisu kidogo na uso wa mtu aliyechoka na mikono ya watu. Mbele yetu mwanamke mmoja alitoka ameshika mkono wake, akasema baada ya siku chache utavimba na kutoa usaha. Ijumaa ile nilikuwa na harusi ya kuimba, na ngoma yetu huchezwa mikono wazi.

"Mimi naenda zangu," nikamwambia Tatu. "Nitarudi wiki ijayo."

"Mungu ndiye mlinzi," akasema. Lakini yeye hakuondoka. Alikaa, akachanjwa.

Sikumlaumu kwa hilo, na silaumu mtu mwingine. Mimi niliuuza mkono wangu kwa ajili ya harusi moja. Ukisikia mbiu, nenda, na ukikaa barazani, usinyanyuke.

Baada ya siku kama kumi na nne nikashikwa na homa. Mgongo uliuma hadi nikadhani umevunjika. Siku ya nne vipele vikatoka kwenye paji la uso, kisha mikononi, kisha mpaka kwenye nyayo. Songoro alisimama mlangoni, akaniangalia, akatoka kwenda kwa jumbe kuripoti. Hakukosea, ndiyo ilikuwa amri.

Amri zenyewe zilikuwa tatu. Mgonjwa apelekwe kambini, ng'ambo ya mto. Chakula kiletwe na ndugu aliyechanjwa, akiweke juu ya jiwe bapa la ukingoni, asivuke. Na watu wa nyumba ya mgonjwa wasitoke nje ya mji, si kwa biashara wala kwa safari, mpaka mgonjwa apone au afe. Mbili za kwanza nilizijua kwa sababu ziliniuma mwilini. Ile ya tatu sikuifikiria hata siku moja.

Kambi ilikuwa vibanda vya nyasi ndani ya ua wa miiba. Aliyetuhudumia alikuwa mama mmoja Mwarusha, mtu mzima, uso umejaa makovu ya ndui ya zamani. Ndui haimrudii aliyeiugua akapona, ndiyo maana boma lilimchukua. Wote tulimwita Yeyo, yaani mama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na hakukipoteza kwa maneno ya bure.

"Takwenya," alinisalimu siku niliyoingia, kama wasalimiavyo wanawake kwao, akangoja nijibu. Nilikuwa nimelala chini, sina habari na salamu. Akarudia. Nikajibu, "Iko." Akasema, "Vizuri. Anayejibu bado yupo."

Jambo la kujibu lilikuwa kubwa pale. Mwanzoni mleta chakula alikuwa anaita jina kutoka ng'ambo, na mgonjwa anajibu "Nipo!" Miiba ilikuwa mirefu, mtu haoni vizuri. Basi wenye nguvu wakaanza kuwajibia waliokufa ili wale chakula chao. Walipogundua, waleta chakula wakakataa "nipo." Wakasema kila mtu aimbe. Kuna aliyejibu kwa kasida, kuna aliyejibu kwa wimbo wa kupalilia, na kijana mmoja Mmeru, msaidizi wa mwalimu kule misheni, alijibu kwa wimbo wa kanisani wenye mahadhi ya Kijerumani, anaukunja ulimi mpaka tunacheka. Sauti ya mtu jirani zake wanaijua, huwezi kuiiba. Ukiimba, kapu linawekwa juu ya jiwe. Usipoimba siku hiyo, kapu linarudi nyumbani, nawe unahesabiwa umekufa.

Songoro hakuwa amechanjwa, kwa hiyo aliyeniletea chakula alikuwa Tatu. Kila asubuhi, wingu likiwa bado limefunika mlima, nilisikia akiita, "Hawa! Hawa ee!" Moyo wangu ulifunguka kila alipoita. Nami, kwa kuwa ni mtu wa majivuno hata kwenye mkeka wa wagonjwa, nikaona siwezi kujibu kwa wimbo wa zamani. Nikaanza kutunga. Kila siku ubeti mpya. Wa kwanza ulikuwa huu:

Woga umebisha hodi, umeingia chumbani,
Umevaa nguo yangu, umelala kitandani,
Ya Rabi nakuuliza, mgeni huyu wa nani?

Tatu aliweka kapu juu ya jiwe. Kisha akasema, "Rudia, shoga." Nikarudia. Siku ya pili nikampa mwingine:

Nimehesabu vipele, nimefika mia moja,
Nimeacha kuhesabu, hesabu haina haja,
Kama u nyuma ya wingu, shuka Mola, nakungoja.

Usidhani nilikuwa mcha Mungu. Niliogopa. Watu hupenda kuambiwa kwamba imani huufukuza woga. Kwangu vilikaa mkeka mmoja, vikagombea shuka. Yule kijana wa misheni alisikia ubeti wangu akaniambia si vizuri kumhoji Mungu. Baada ya siku tatu akaacha kuimba, na Yeyo na wazee wawili wakambeba kwenda nyuma ya vibanda. Mama yake alikaa ng'ambo na kapu lake mpaka jua likawa utosini.

Yeyo naye alikuwa na nyimbo zake. Alfajiri alitoka na kibuyu, akayamwaga maziwa kidogo kuelekea mlimani, akimwimbia Engai, Mungu wao, kwa Kimaa, anaomba na kurudia, anaomba na kurudia, bila haraka. Nilimwuliza haogopi kwamba hasikiwi.

"Mtoto akilia maziwa," akasema, "anauliza kama mama anasikia? Analia tu."

Vipele vilijaa maji, kisha usaha. Sitakuficha: harufu ni yako mwenyewe, na huwezi kuikimbia. Yeyo alinilaza juu ya majani ya mgomba ili ngozi isigande kwenye mkeka. Alinipaka siagi iliyochemshwa na majani ambayo hakunitajia jina. Alinifunga vidole kwa vitambaa nisijikune. Nikiona mtu anadharau majani ya mgomba, namjua hajawahi kuugua.

Baridi ya Juni ikaja, na vipele vikashuka kooni. Niliona mapema kwamba sauti inakwenda. Asubuhi moja, ingali ipo kidogo, nikamwambia Tatu kwa kelele ng'ambo ya maji, "Sauti ikiniishia, nitapiga kibuyu. Pigo letu. Lile la kuingilia ngomani. Hakuna mwingine anayelijua."

"Nitalisikia," akasema.

"Apa."

"Wallahi, Hawa. Nitakusikia hata ukilipiga kwa ukucha."

Siku mbili baadaye nilifungua mdomo, hewa ikatoka peke yake.

Tatu akaita. Nikajikokota mpaka uani, nikachukua kibuyu cha Yeyo, nikapiga pigo letu. Polepole, lakini sikukosea hata moja. Kupitia miiba nilimwona. Alikuwa amesimama mbele ya migomba, kapu kichwani, ameinamisha kichwa kusikiliza. Nikapiga tena. Na mguu wake wa kulia ukacheza. Kidole gumba kiliinuka na kushuka, kiliinuka na kushuka, kama afanyavyo miaka yote akingoja mstari wangu. Mwili wake ulinisikia.

Kisha akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa, ya watu wengine kusikia. "Hawa! Hawa binti Feruzi!" Nikapiga kibuyu mpaka mkono ukafa ganzi. Akageuka, akaondoka na kapu.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa nikasikia wanawake wa mtaa wetu. Mto ulikuwa mdogo na upepo ulikuwa unakuja huku. Nilisikia neno kwa neno. Walikuwa wakiimba matanga. Ndani ya matanga wakalitaja jina langu, wakaliombea kaburi lenye nafasi. Waliokufa kambini walizikwa na watu wa kambini, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu matanga kuwa bila maiti. Walipomaliza dua, Tatu akaanza kuimba peke yake. Woga umebisha hodi, umeingia chumbani. Wanawake wote wakalia. Nami nikalia huku ng'ambo, kilio kisicho na sauti, nikipiga kibuyu ambacho hakuna aliyekitaka.

Nataka nilieleze jambo hili vizuri, maana ndilo lililokaribia kuniua kuliko ndui. Nilihisi heri niache kuishi. Kama watu wako wameshakuombea kaburi, kuishi kunaonekana kama ukaidi. Nilikataa maji siku nzima. Yeyo akaniwekea loshoro, ule uji wao wa mahindi na maziwa ya mgando, akanishika kidevu.

"Kula."

Nikamwonyesha ng'ambo kwa kidole.

"Wale wamekula yao," akasema. "Wewe kula yako." Na ile haikuwa yangu, ilikuwa sehemu yake yeye. Alinigawia kila siku, mpaka vigaga vikakauka na kuanza kudondoka, na huo ulikuwa mwisho wa baridi. Ukiniuliza kama Mungu alishuka kutoka nyuma ya wingu, sina jibu lingine la kukupa zaidi ya mwanamke huyo na bakuli lake.

Kiangazi kilipokolea, mganga wa boma akaniosha kwa maji ya dawa, akachoma nguo zangu, akanipa kaniki moja na ruhusa ya kwenda. Aliniandika kwenye kitabu kwamba nimepona, akanipa na cheti chake. Wa kwanza kunikimbia mtaani alikuwa jirani yangu wa ukuta. Alitupa ndoo. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa. Nikaambiwa, na mtu aliyesimama mbali, kwamba Songoro alifiwa na mkewe, akakaa matanga siku tatu, akaondoka na msafara. Tari yangu ilikuwa kwa Tatu.

Nilisimama nikajaribu kuwaambia ni mimi. Ikatoka sauti hii niliyo nayo mpaka leo, mbovu, ya chini. "Hawa hakuwa na sauti hiyo," akasema mama mmoja ambaye nimemwimbia harusi za binti zake wawili. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anasema alichokijua.

Nikaenda kukaa kwa Yeyo, mlimani, kusubiri mume wangu arudi. Huko nako wimbo ulikuwa umeshafika. Wanawake wa Kimeru wakishuka na ndizi waliuimba, na Waarusha waliuimba kwa matamshi yao, na askari waliuimba kwa miluzi. Watu waliuhitaji, ndui ilikuwa bado inazunguka. Lakini haukuwa wangu tena. Tatu alikuwa ameukata mkia. Pale nilipouliza mgeni ni wa nani, yeye alitia:

Ya Rabi nimekwamini, mgeni katoka ndani.

Rahisi hivyo. Anaamini, mgeni anatoka. Yeye aliyechanjwa, aliyelala kwake kila siku na mlango umefungwa, ndiye aliyewaambia watu jinsi ya kushinda woga. Nilikasirika hadi makovu yakaniwasha upya. Kuniibia wimbo ningeweza kusamehe siku moja. Lakini kuna mama mahali fulani alikuwa anamwimbia mwanawe ule uongo, na mtoto asipopona mama huyo atadhani hakuamini vya kutosha. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiuimba, uimbe na swali lake. Swali halijamdhuru mtu.

Mvua za vuli zilipoanza, Songoro akarudi. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, yule aliyenisomea dua, nikamwonyesha cheti cha mganga. Alikisoma mara mbili.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba," akasema, na machozi yakamtoka. Akawaita Songoro na Tatu barazani kwake. Watu wakajaa mpaka barabarani.

Songoro alifika kwanza. Aliniangalia uso, akaangalia chini. "Mungu mkubwa," akasema. "Hawa, karibu nyumbani." Alisema kwa upole, na mimi, mjinga mimi, nilitaka kwenda. Nilitamani mlango wangu, jiko langu, mtu wa kuniita mke wangu. Kama mambo yangeishia pale ningemfuata.

Mwalimu akamgeukia Tatu. "Ulisikia kibuyu, au hukusikia?"

"Mto ulikuwa umejaa, mwalimu. Ulikuwa unapiga kelele."

"Ilikuwa baridi," nikasema. "Maji yalikuwa chini ya goti. Na mguu wako ulicheza, Tatu. Niliuona."

Tatu akaangalia mguu wake. Kisha akasema kwa hasira, "Mbona naulizwa mimi peke yangu? Mimi nilitaka kuweka kapu! Songoro alikuwa nyuma yangu, kwenye migomba. Alikuja siku ile kusikiliza. Nilimwambia, ni yeye, hilo ni pigo letu. Akanishika mkono. Akasema, hajaimba. Sheria ni kuimba."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Tatu tu. Huyu wa pili alinikuta mikono mitupu.

"Songoro," nikasema, "ulinisikia?"

Akajifuta uso. "Msafara ulikuwa unaondoka wiki ile. Nyumba yetu imefungiwa, watu wangu wananingoja, wangepewa mnyapara mwingine." Akaniangalia, akiomba nimwelewe. "Nilijua utakufa tu, Hawa. Waliopoteza sauti wote walikufa."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Tatu alikuwa analia na kusema kwamba angenirudishia tari leo leo. Kwa sauti hii, tari ya nini.

"Mwalimu," nikasema, "nataka talaka."

Songoro akashtuka. "Talaka? Mimi nimekuja kukurudisha nyumbani! Watu watanicheka. Nimeshakukalia matanga, nitakuachaje tena?"

"Ndiyo sababu naitaka," nikasema. "Maiti haachwi, Songoro. Anayeachwa ni mtu aliye hai. Niache, hapa, mbele yao wote, wasikie unamwacha nani."

Mwalimu alijaribu kutupatanisha, kama ilivyo kazi yake. Alijaribu mpaka adhana ya alasiri. Baada ya sala akatoa karatasi na kalamu, akamwambia Songoro aseme, na aseme kwa jina kamili.

Songoro akasema kwa sauti ndogo. Mwalimu akamwambia apaze. Akasema tena, kwamba yeye amemwacha mkewe, Hawa binti Feruzi, kuanzia saa ile. Tangu baridi ilipoanza hakuna mtu wa mtaa ule aliyekuwa amelitaja jina langu bila kuongeza marehemu. Wanawake waliokuwa wamesimama mbali walisogea. Yule mama wa harusi mbili alifunika mdomo kwa upande wa nguo.

Mwalimu akaniuliza kama nimesikia. Nikavuta pumzi, nikajibu kwa sauti hii hii mbovu, kubwa kadiri nilivyoweza, mpaka waliokuwa wakipita barabarani wakageuka.

"Nimesikia."